Gari Lililoandikwa Kwenye Pasipoti

Buzian hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na nyumba ya ghorofa kando ya barabara ya Midar kama wenzake waliokwenda Ulaya mwaka mmoja na yeye. Hakuwa na nywele, hakuwa na meno mawili ya mbele, na hakuwa na goti la kushoto la kuzaliwa nalo, maana lile alilimaliza kwa kupanga mawe ya barabara za Brussels miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na rafiki wizarani, hakuwa na binamu bandarini, hakuwa na ulimi wa kubembeleza wakubwa. Na katika wiki ninayotaka kuisimulia, hakuwa na muda.

Alichokuwa nacho ni gari.

Lilikuwa gari la familia, refu, la kijivu, la dizeli, lenye safu tatu za viti: watu wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma kabisa. Waliolibuni walidhani labda litapeleka watoto shuleni na mbwa bustanini. Sisi watu wa Rif, milima ya kaskazini mwa Moroko, tuliohamia Ubelgiji tulijua kazi yake hasa. Kila Julai tunalijaza blanketi, sabuni ya unga na kahawa, tunafunga baiskeli juu ya paa, tunamkalisha mama mkwe safu ya nyuma pamoja na mto wake, kisha tunavuka Ufaransa na Hispania bila kulala vizuri. Tenki moja la dizeli linakutoa Brussels mpaka Bordeaux. Tukishuka melini upande wa pili tunakuwa watu wakubwa kuliko tulivyopanda. Kwetu sisi, gari la viti vitano ni la mtu asiye na ndugu.

Lakini ukiingia Moroko na gari la namba za nje, watu wa forodha wanaliandika juu ya jina lako. Umeingia nalo, utatoka nalo. Na usukani wake ni wako na wa mkeo tu. Ndugu hashiki, hata awe wa tumbo moja nawe. Watoto wetu wanaijua sheria hii kabla ya kujua kuhesabu. Hata hivyo, kila mwaka yupo mmoja wetu anayeivunja, kwa sababu sheria imewekwa na serikali, na ufunguo unaombwa na ndugu.

Mwaka ule Buzian hakutaka hata kusafiri. Binti yake wa pekee, Nunja, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa na mwaka wa tatu akisafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Madaktari walimpima mama, figo yake haikufaa kumpa. Wakampima baba, ikafaa. Wakasema operesheni itakuwa Novemba.

"Nenda kamwone bibi kabla hawajakukata," Nunja alimwambia. "Ukibaki hapa utanikodolea macho mpaka Novemba kama paka anayelinda samaki."

Basi wakaenda, yeye na mkewe Telaitmas, mpaka kijijini Temsaman. Wiki ya pili ya Agosti, mdogo wake Buzian, jina lake Mohand, alikuwa anamwoza mwanawe wa kiume. Bibi harusi alitakiwa kuchukuliwa Kebdana, mwendo wa saa mbili na nusu.

"Nitaendesha mwenyewe," Buzian alisema.

Asubuhi ya harusi goti lilikuwa limevimba kama tikiti. Hakuweza kukanyaga klachi. Telaitmas hakuwa na leseni. Mohand akaja na suti yake mpya, akasimama mlangoni akichezea vifungo.

"Kaka, mimi nimeendesha lori miaka ishirini. Unataka mkwe wangu aletwe juu ya gari la kondoo? Watu wa Kebdana watasema nini? Kwamba Buzian ana gari ya viti saba, kaifunika turubai?"

"Usimpe," Telaitmas alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa anamenya matunda ya mpungate kwa kisu, miiba imemjaa vidoleni.

"Shemeji, unanichukia?"

"Sikuchukii. Nakujua."

"Ni kwenda na kurudi tu! Askari wa njiani nawajua wote, tumekula nao."

"Na sheria je, nayo umekula nayo?"

Mohand akacheka. Buzian naye akacheka kidogo, na kile kicheko ndicho kilichomponza, kwa sababu mtu akishacheka hawezi tena kukataa. Akautoa ufunguo mfukoni.

Gari lilirudi jioni likivutwa na trekta. Lilikuwa bado na maua kwenye boneti.

"Mlikuwa wangapi ndani?" Buzian aliuliza.

"Kumi na watatu. Lakini wengine watoto."

Walikuwa wamekata njia kupitia mto mkavu ili msafara wao utangulie ule wa watu wa bibi harusi. Kwa uzito ule gari lilikuwa limelala chini, na jiwe likapasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili yote ikamwagika mchangani bila mtu kujua, kwa kelele za ngoma na vigelegele.

"Taa nyekundu hukuiona?"

"Niliiona, kaka."

"Ukafanya nini?"

"Nilidhani ni ya mkanda."

Telaitmas akaingia ndani na kufunga mlango. Ndani akasikika akicheka, kisha ikawa haijulikani tena kama ni kicheko.

Fundi Hmida wa Midar alihitaji dakika tano tu. Injini imenoki, alisema. Akaitoa yote, akaifungua, akaituma Fes bloku likachongwe. Wiki tatu, Mungu akipenda. Buzian alihesabu: meli yao ilikuwa mwisho wa Agosti, na akichelewa kidogo si neno, Novemba iko mbali. Hakumtukana mdogo wake. Aliacha tu kusema naye, jambo ambalo kwetu ni zito zaidi.

Siku ya tisa, Alhamisi mchana, simu ikalia.

"Baba, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa."

Alikaa juu ya ukingo wa kisima.

"Wamenipa nafasi Alhamisi ijayo," Nunja alisema. "Si Novemba. Daktari anasema mishipa yangu ya kuchomea sindano umebaki mmoja, nao una uchafu. Kuna mgonjwa ameahirisha, wakanipa mimi. Wewe unatakiwa uingie hospitali Jumatano jioni."

"Nakuja."

"Baba, sikiliza vizuri. Nafasi hii ikipita, nyingine ni mwakani."

"Nimesema nakuja."

"Nilimuuliza daktari, mwakani mwezi gani. Akaanza kupanga karatasi zake. Wewe unajua daktari akianza kupanga karatasi."

Walikata tiketi za ndege ya Ijumaa, kesho yake, yeye na mkewe. Gari angelirudia baadaye, akishapona kidonda. Watu wawili walimkumbusha gari lililoandikwa kwenye pasipoti yake. Akasema, mimi naenda kumwokoa mtoto, nani atanizuia?

Kwenye uwanja wa ndege wa Aruit, askari wa mpakani alichukua pasipoti, akatazama kompyuta, akatazama tena.

"Haji, gari yako iko wapi?"

"Iko kwa fundi."

"Basi na wewe nenda kwa fundi."

"Mwanangu, binti yangu ni mgonjwa. Mimi ndiye ninayempa figo. Barua ya hospitali hii hapa."

Yule kijana aliisoma. Naamini aliisoma kweli, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu alipoirudisha. "Pole sana, mzee wangu. Lakini kitufe cha kukutoa si changu. Ni cha forodha. Mimi nikikubonyezea hapa, mashine inakataa."

Nyuma yao mstari ulianza kunung'unika. Telaitmas pasipoti yake ilikuwa safi. Gari halikuandikwa kwake. Akasimama katikati ya mlango, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Niende nikamwambie nini?"

"Mwambie nakuja."

"Kwa gari gani, Buzian?"

Buzian akamsukuma begani taratibu, kama anavyosukumwa mtu mwenye usingizi, na yeye akaenda bila kugeuka.

Kutoka hapo Buzian alipanda teksi moja kwa moja hadi ofisi ya forodha, bandarini. Ijumaa mchana mkuu alikuwa ameshaondoka. Karani wa zamu alimweleza wazi: lilete gari lenyewe hapa, liingie kwenye uwanja wetu, uwekewe saini, ndipo uruke. Hata bovu? Hata bovu. Lakini anayetia saini ni mkuu peke yake. Na lini atakuwepo? Karani akanyoosha kidole kwenye kalenda ukutani. Jumamosi na Jumapili, mapumziko. Jumatatu na Jumanne, sikukuu za taifa. Jumatano saa mbili na nusu asubuhi.

Ndege ya mwisho ambayo ingemfikisha hospitali kabla ya kulala ilikuwa Jumatano, saa nane na dakika arobaini mchana.

Siku nne zile sitaki kuzirefusha. Mtu akitaka kujua kukata tamaa ni nini, amwangalie mzee wa miaka sitini na mmoja mwenye afya nzuri, ambaye kila anachokula anajiuliza kama kitaidhuru figo. Aliacha chumvi. Aliacha chai. Alilala chali ili asiilalie. Kila jioni Nunja alipiga simu na kujifanya ana utani.

"Baba, hivi wale walikuandika wewe au waliandika gari? Kama wanaipenda hivyo, waambie waipime damu, labda inafaa kuliko wewe."

"Unakula?"

"Nakula."

"Sauti yako ina nini?"

"Wameniwekea bomba shingoni. Nikicheka linacheza. Usinichekeshe."

Yeye ndiye aliyekuwa akichekesha. Buzian alikuwa hajasema neno la kuchekesha tangu siku ya trekta.

Jumapili alifanya jambo ambalo hata leo akikumbushwa anageuza uso. Alikwenda kwenye mkahawa mmoja pwani, ambako kila mtu anajua wanakaa watu gani, na akaomba nafasi kwenye boti ya kuvuka kwa siri. Mwenye boti, mwanamume mnene mwenye kofia ya michezo, alimtazama kuanzia viatu.

"Mzee, nionyeshe pasipoti yako."

Akaionyesha.

"Hii nyekundu ya Ulaya? Ya kweli?" Akawaita wenzake. "Jamani njooni muone! Vijana wa watu wanauza ng'ombe wapate nafasi kwenye boti yangu waende wakatafute kijitabu hiki. Huyu anacho, na anataka kupanda nao!"

Wakacheka sana. Buzian aliwangoja wamalize.

"Inaondoka lini?"

"Bahari ikitulia. Labda Alhamisi, labda Jumamosi."

"Na mtu akilowa, akipigwa na baridi, figo zake zinaharibika?"

Hapo kicheko kikakatika. Yule mnene akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili. "Nenda nyumbani, baba," alisema. "Sisi si watu wa kubeba mzigo huo."

Jumanne ya sikukuu, Mohand alikuja na lori la kubebea magari. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amezunguka wilaya nzima kulitafuta, na dereva wake hakutaka kufanya kazi siku ya sikukuu, kwa hiyo Mohand alikuwa analiendesha mwenyewe. Buzian alipanda mbele bila salamu. Walikwenda hivyo mpaka Midar.

Njiani Mohand alisema, kama anayesema na kioo, "Ijumaa walinipigia kutoka ofisi ya gavana. Faili langu la kibali cha teksi limefika juu. Miaka kumi na mmoja. Wanataka tu karatasi ya kuonyesha kwamba sina kosa lolote."

Buzian alitazama dirishani.

"Sisemi ili unipongeze, kaka. Nasema kwa sababu hakuna mwingine ndani ya gari."

Kwa fundi Hmida walilivuta lile bodi kwa mnyororo, wakalipandisha juu ya lori. Bila injini lilikuwa jepesi, pua yake imeinuka hewani. Hmida akasema injini iko Fes bado, bloku limechongwa lakini fundi wa huko naye yuko sikukuu. Buzian hakulitilia maanani neno hilo. Karani alikuwa amesema, hata bovu.

Jumatano saa mbili na nusu walikuwa wa kwanza mlangoni. Mkuu wa ofisi alikuwa mwanamke, Bi Ghizlan, mtu wa Meknes, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Waliwekwa mpaka saa nne, ndipo alipotoka nje na faili. Akalinganisha namba ya chesisi, sawa. Namba za gari, sawa. Rangi, sawa. Akasema fungueni boneti.

Akatazama ndani kwa muda.

"Hapa mnaweza kufuga kuku," alisema.

"Mama, injini iko kwa fundi, Fes."

"Mzee wangu, gari iliyoingia Julai ilikuwa na injini. Imeandikwa hapa, dizeli, na namba yake. Nikipokea hili ganda nikatia saini kwamba nimepokea gari, kesho wataniuliza mimi injini nimeiuza wapi. Leteni injini."

"Fes ni mwendo wa saa tano kwenda tu."

"Najua iliko Fes. Nina dada kule."

Saa nne na robo. Buzian alianza kusema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, Kirifi na Kiarabu na Kifaransa cha mabango ya barabarani. Akatoa barua ya hospitali, akatoa picha ya Nunja, akatoa karatasi za vipimo zenye namba ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa. Akaanza kufungua vifungo vya shati ili amwonyeshe mahali ambapo watamkata. Mohand akamshika mkono. Buzian akaukung'uta mkono ule, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mdogo wake tangu harusi.

"Vaa shati lako, baba," Bi Ghizlan alisema. Akavaa miwani, akaisoma barua ya hospitali yote, mpaka chini kwenye saini. "Ingieni ndani."

Ndani alifunga mlango.

"Njia iko moja. Siyo kuniachia gari uje uichukue. Ni kuitoa. Unaiandikia serikali kwamba gari si yako tena, bodi na injini na kila kipande chake popote kilipo. Nami nitatuma watu Fes kwa wakati wangu. Ukishatoa umetoa. Huioni tena, hulipwi, huulizi."

"Nipe kalamu."

"Sijamaliza."

"Nipe kalamu, mama."

"Sijamaliza! Barua ieleze gari iliharibikaje, siku gani, na nani alikuwa ameshika usukani. Ikiwa na uongo ndani yake, mkuu wa forodha wa mkoa anaitupa, na wewe unarudi kwenye kompyuta kama ulivyokuwa."

"Nilikuwa nimeshika mimi," Buzian alisema.

Bi Ghizlan hakubishana. Alichukua simu yake mezani, akatafuta kitu kwa kidole kimoja, akaigeuza. Ilikuwa video ya harusi. Watu wa Kebdana walikuwa wameirusha mtandaoni wenyewe, na muziki juu. Gari la kijivu lenye namba nyekundu za Ubelgiji linapita polepole, watu wanatokeza madirishani mpaka kiunoni, mtoto mmoja amekaa juu ya paa, na kwenye usukani ni mwanamume mwenye suti mpya anayepiga honi kwa kiwiko na kupunga mikono yote miwili.

Mohand alijitazama akipita, kisha video ikaanza tena, akajitazama akipita mara ya pili.

"Mimi sijakuuliza bado," Bi Ghizlan alimwambia Buzian, akiifunika simu. "Hayo uliyosema sikuyasikia. Nitauliza mara moja tu, na jibu nitalipata kwenye karatasi."

Akaweka mezani karatasi mbili nyeupe na kalamu. Saa tano kasorobo.

Buzian hakujua kuandika Kiarabu. Alikuwa mtoto wa kwanza, akapewa mbuzi. Mohand alikuwa wa pili, akapewa shule. Mohand akavuta kiti.

"Sema, kaka. Mimi naandika."

Buzian alisema kwa Kirifi, taratibu, akichagua. Mimi Buzian, mwana wa Allal, natoa gari langu. Kwa hiari yangu. Na injini yake. Liliharibika siku fulani kwenye mto mkavu. Hapo akasita, akatazama saa ya ukutani, kisha akatazama mikono ya mdogo wake iliyokuwa ikingoja.

"Andika kwamba kulikuwa na harusi, watu wengi," alisema. "Andika kwamba sikumbuki nani alikuwa anaendesha."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea. Ikaendelea kwa muda mrefu kuliko maneno aliyoyasema. Ikaingia karatasi ya pili.

"Umeandika nini?"

"Ulichosema."

"Nimesema maneno machache."

"Kiarabu kina maneno mengi, kaka."

Bi Ghizlan akazichukua karatasi. Akasoma kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha, kama anayesoma orodha ya mizigo. Kwamba gari lilikuwa linaendeshwa na Mohand, mwana wa Allal, dereva wa lori, mkazi wa Temsaman, namba ya kitambulisho hii. Kwamba mwenye gari alikuwa kitandani na goti. Kwamba Mohand aliijua sheria, akamshika kaka yake kwa maneno ya aibu mbele ya watu mpaka akautoa ufunguo. Kwamba aliiona taa nyekundu na hakusimama. Kwamba kosa lolote liandikwe kwake.

Buzian aliielewa lugha hiyo vizuri kwa masikio. Aliinuka, akanyoosha mkono.

"Ifute! Mama, nipe niifute. Huyu ana kibali chake, miaka kumi na mmoja anangoja, wamempigia majuzi—"

"Ukifuta neno moja, barua imekufa," alisema Bi Ghizlan. "Andikeni nyingine kama mnataka. Karatasi ninazo. Muda ndio sina hakika nao."

"Tuandike nyingine."

"Utaandika na nani?" Mohand aliuliza. Alikuwa amefunga kalamu na kuitia mfukoni mwake. "Mimi nimeshamaliza kuandika leo."

"Mpumbavu wewe!"

"Ndiyo."

"Hiyo teksi ungekula nayo mpaka uzeeni!"

"Ndiyo, kaka. Na mimi nitakaa kwenye hiyo teksi nimwambie nani kwamba Nunja alikuwa mwalimu?"

Buzian alikaa. Aliweka mikono juu ya meza, viganja chini, kama anazuia meza isiondoke. Nje lori lilikuwa bado linanguruma na bodi la kijivu mgongoni, maana Mohand alikuwa ameogopa kulizima lisije likakataa kuwaka. Ilikuwa saa sita na dakika tano. Simu ya Buzian ilitetema mfukoni. Alijua ni nani, na hakuipokea.

"Natia saini wapi?" aliuliza.

Bi Ghizlan akamwonyesha mahali. Kalamu ilitoka mfukoni mwa Mohand, ikawekwa mbele yake. Saini yake ilikuwa ile ya kazini, herufi B kubwa na mstari mrefu, ileile aliyokuwa akiiweka kila Ijumaa kwenye daftari la wapanga mawe. Ilipofika mwisho wa mstari wino ukaruka kidogo. Mohand akatia yake chini, haraka, kama mtu anayevuka barabara.

"Sikilizeni," Bi Ghizlan alisema. "Barua hii inakwenda kwa mkuu wa mkoa kwa mkono. Ikishatoka mlangoni pangu imefungwa, nina haki ya kukufungulia kwenye kompyuta. Kabla ya hapo, sina. Kwa hiyo msinisemeshe."

Akazikunja karatasi mara tatu. Akazitia kwenye bahasha ya kahawia, akaandika anwani kwa wino mweusi, akalowesha ukingo kwa sifongo na kuukandamiza kwa ngumi. Akapiga muhuri juu ya mshono, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akafungua mlango na kumwita tarishi kwa jina. Tarishi akaja na kofia yake ya pikipiki kwapani, akaweka saini kwenye daftari, akaitia bahasha ndani ya koti na kuvuta zipu mpaka shingoni. Ndugu wale wawili walisimama ukumbini bega kwa bega, wakaisikiliza pikipiki ikiwaka, ikitoka langoni, na kushika barabara ya mkoani.